Leaf yenye rimu za 17: nishuke 16, na nivae tairi gani?

MamaWaGoba:

Habari zenu wakuu. Nina gari la umeme, Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri ya kWh 40 (yaani uniti 40 za umeme). Imetoka Japani na rimu za inchi 17, tairi 215/50R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu inchi 17). Nimeendesha magari kadhaa na hakuna nililolipenda kama hili. Usiku nalichaji nyumbani, asubuhi nashuka Posta, jioni narudi, sheli nimeshaisahau. Kinachonitesa ni tairi.

Nakaa Goba, ndani ndani. Kutoka lami hadi getini kwangu ni changarawe na mawe yaliyochongoka, na masika ikishapita inabaki mitaro. Tairi la mbele kushoto limeota nundu ubavuni. La kulia rimu ilipinda ukingoni, fundi kaigonga ikanyooka, ila nikifika spidi 80 usukani unatetemeka. Na Leaf haina spea. Kuna kopo la gundi na kipampu kidogo cha upepo, na gundi haizibi ubavu uliochanika. Maana yake ubavu ukipasuka usiku, nipo njiani na watoto nasubiri gari la kuvuta. Hilo ndilo linaninyima raha, kuliko hata bei ya tairi.

Nataka kushuka rimu 16. Muuzaji mmoja ananiambia rimu yoyote ya Toyota yenye nati tano inakaa. Mwingine anasema nikipunguza rimu chaji itakuwa inaisha haraka. Halafu kuna 205/55R16 na kuna 205/60R16, sijui nichukue ipi. Naomba anijibu anayelijua gari hili, maana pesa ya kununua mara mbili sina.

FundiTairiIlala:

Dada, pole. Hilo la Toyota likatae. Nati ni tano kweli, na duara la nati ni milimita 114.3 kama la Leaf, hapo ndipo wengi wanaponasa. Lakini tundu la katikati la rimu ya kiwandani ya Toyota ni milimita 60.1, na habu ya Nissan, yaani kile kitovu rimu inapokaa, ni 66.1. Haiingii. Atakayekwambia atalipanua kwa kulichonga, kimbia. Hata nati zenyewe ni tofauti: Toyota ni 12 kwa 1.5 (unene wa milimita 12, nafasi ya uzi 1.5), Nissan ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha unaua stadi, zile skrubu nati zinapofungwa.

Tafuta rimu za Leaf zenyewe za 16. Zipo, maana Leaf za daraja la chini zilitoka kiwandani na 205/55R16, na breki ni zilezile, kwa hiyo hazigusi kalipa, kile kibanio cha breki. Ukizikosa, tazama za Nissan Dualis za 16, hapa mjini ni nyingi. Igeuze rimu usome mgongoni: unataka 16x6½J (inchi 16, upana inchi 6½) na ofseti 40, yaani uso wa kufungia uko milimita 40 kutoka katikati ya upana wa rimu.

Sasa saizi. Ubavu wa 215/50R17 uliyonayo ni kama milimita 107. Wa 205/55R16 ni 113. Wa 205/60R16 ni 123. Kwa njia yako ya mawe mimi ningevaa 205/60, kwa sababu ukitoka 107 kwenda 113 umeongeza kidogo mno, jiwe litaifikia rimu vilevile. Kipenyo chake ni milimita 652, tairi zako za sasa ni 647, yaani karibu sawa. Ukishafunga, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, watu wamekaa ndani, uone kama kuna panapogusa.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wa barabarani hawalijui, na mimi linaniuma kila nikiliona: betri ya Leaf iko chini ya sakafu yote ya katikati. Jeki inawekwa kwenye alama za pembeni, chini ya milango, basi. Fundi akiisukuma jeki katikati kama anavyozoea kwenye Noah, mzuie hapo hapo. Simama naye hadi amalize.

Mzee wa Kibaha:

Mama, weka tairi za mizigo, zile za ply (tabaka) nyingi. Mimi kwenye Hiace nimesahau habari ya pancha.

FundiTairiIlala:

Mzee wangu, kwa Hiace sawa kabisa. Leaf ni tani moja na nusu na haibebi magunia. Tairi la mizigo ni gumu, linarusha gari kwenye matuta, na mpira wake mzito unakula chaji. Yeye anahitaji ubavu mrefu tu. Aangalie namba ya uzito isishuke chini ya 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi. Akipata 94 au 96 ni bora zaidi.

Nyali_EV:

Salaam kutoka Mombasa. Dada, mimi nina Leaf kama yako, nimetoka 17 nikaenda 205/55R16, kwa hiyo niseme nilichokiona kuhusu chaji.

Aliyekwambia rimu ndogo inamaliza chaji amegeuza mambo. Rimu ndogo kwa kawaida ni nyepesi, na tairi la 205 ni jembamba kidogo kuliko la 215. Kinachokula chaji ni aina ya mpira. Ukinunua tairi jipya la Japani tafuta kibandiko chao: AAA ndilo linaloviringika kwa wepesi kupita yote, kisha AA, kisha A. La Ulaya herufi zinaanzia A hadi E. Linganisha herufi kabla ya kulinganisha bei. Na usishtuke wiki za kwanza ukiona chaji imepungua: tairi jipya lina mpira mwingi kuliko lile lililokwisha, kwa hiyo huviringika kwa uzito zaidi.

Halafu usidanganywe na dashibodi. Tairi langu la 205/55 ni dogo kwa asilimia 2 na ushei kuliko la 17, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa. Gari likihesabu kwa kipimo cha zamani, linaona umekwenda mbali kuliko ulivyokwenda, na ile kilometa kwa kWh inapanda bila sababu. Nilifurahi sana mpaka nilipolinganisha na ramani ya simu. Faida ilibaki, lakini ndogo. Ukivaa 205/60 itakuwa kinyume chake: dashibodi itakupunja kilometa, chini ya asilimia moja.

Na kama wasiwasi wako ni ile kilometa 400 uliyoambiwa ulipoagiza, hiyo ni ya kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08. Kwa kipimo kipya zaidi, WLTC, gari hilihili ni kilometa 322, na Wamarekani waliliandikia 243. Hakuna tairi la kukurudishia 400.

Kuhusu saizi nakubaliana na fundi. Mimi njia zangu ni lami tupu. Kwa njia ya mawe 205/55 haifai: gari langu imelishusha milimita 7 hivi, na Leaf haina nafasi kubwa chini.

MamaWaGoba:

Asanteni sana, fundi na ndugu yangu wa Mombasa. Mzee, nimekusikia pia, shikamoo. Nitatafuta rimu za Leaf au Dualis na nitavaa 205/60R16 zenye namba 96. Upepo nijaze ule ule wa PSI 36 ulioandikwa mlangoni? Na hii rimu ya 17 iliyogongwa, nikiiweka nyuma ya buti iwe spea inafaa?

FundiTairiIlala:

Anza na 36, pima tairi likiwa baridi asubuhi kabla hujatoka. Hiyo iliyopinda usiifanye spea. Ikishagongwa mara moja aluminiamu huweza kupata ufa usioonekana, na wewe umesema usukani unatetemeka. Nunua rimu tano badala ya nne, ya tano ivalishe tairi ya saizi ileile ulaze kwenye buti pamoja na jeki na spana. Buti la Leaf lina kina cha kutosha. Na ukiipata hiyo rimu, nitumie picha ya mgongoni kabla hujatoa hela.