Mvua ya setilaiti na vipimamvua bonde la Ruvu: niamini kipi?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Nalinganisha CHIRPS na IMERG (makadirio ya mvua yatokanayo na setilaiti) na vipimamvua vya bonde la Ruvu. Kwa mwezi, CHIRPS inakwenda vizuri sana na Morogoro mjini. Kwa siku ni vurugu: kipimamvua kina milimita 40, setilaiti sifuri, kesho yake kinyume. Na upande wa Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, zote mbili zinapunja mvua ya masika. Tatizo liko wapi?

Jibu
Kijana wangu, anza na saa. Msomaji anamimina maji kwenye glasi ya kupimia saa 3 asubuhi, kwa hiyo mvua ya jana alasiri imo humo. Siku ya IMERG inaanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Chukua faili zake za nusu saa, ujumlishe upya toka saa 3 asubuhi hadi saa 3 ya kesho yake. Halafu fungua kadi zenyewe za kituo, usiridhike na jedwali la kompyuta. Wapo wanaoandika kipimo tarehe ya kusoma, wapo wanaokirudisha jana. Ukiona Jumamosi na Jumapili ni dashi, Jumatatu 62, hiyo ni mvua ya siku tatu. Dashi si sifuri! Nimesoma vipimamvua miaka mingi, na inaniuma kuona dashi zimegeuzwa sifuri ofisini.

Jibu
Mzee kamaliza la saa. Naongeza: CHIRPS hukadiriwa kwanza kwa siku tano tano ndipo igawanywe kwa siku, kwa hiyo usiibane sana hapo. Tena imechanganywa na vituo vya ardhini. Kama kituo cha Morogoro kimo, unamsahihisha mwanafunzi aliyeoneshwa majibu. Orodha ya vituo vyao iko wazi, itazame. Toleo la mwisho la IMERG nalo hurekebishwa kwa vipimamvua kila mwezi. Jaribu matoleo yake ya haraka, yanayotoka kabla ya marekebisho hayo.

Muulizaji
Asanteni sana. Na Matombo je?

Jibu
Huko ni mlima, kijana. Upepo wa bahari unapanda Uluguru, wingu fupi linanyesha kutwa bila kilele chake kupoa sana. CHIRPS inahesabu wingu lililo chini ya kelvini 235, takriban nyuzi -38, basi hilo linaipita. IMERG nayo juu ya nchi kavu hutegemea sana barafu ya mawinguni, na wingu fupi lina kidogo. Usiirekebishe Matombo kwa uwiano wa Morogoro mjini, maana mji uko upande wa pili wa mlima. Tenga vituo vya mashariki, uvipigie hesabu peke yake.