Tuzo na ruzuku za utafiti wa ethnobiolojia: nianzie wapi?

Majani Mapana aliuliza:

Habari zenu, wataalamu na wanafunzi wenzangu. Ninaandaa maombi ya fedha za utafiti wa uwandani kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamivu katika ethnobiolojia, yaani utafiti wa namna watu wanavyovijua na kuvitumia viumbe hai vinavyowazunguka. Mada yangu inahusu namna wakulima wanavyoyatambua na kuyapanga magugu ya mashambani mwao: yapi huachwa yakue kwa kuwa ni dawa au mboga, yapi hung'olewa, na ni nani ndani ya kaya mwenye kauli ya mwisho juu ya jambo hilo. Kazi hii inadai vielelezo vya mimea vilivyokaushwa na kutambuliwa kisayansi, inadai pia mahojiano marefu katika lugha ya wenyeji, na kwa sababu hiyo imekaa njia panda. Wafadhili wa botania wananiona mwanaanthropolojia, na wale wa anthropolojia wananiona mkusanya majani.

Naomba kusaidiwa katika mambo mawili. Kwanza, ni tuzo na ruzuku zipi zinazoitambua ethnobiolojia kuwa fani inayojitegemea? Pili, je, inafaa nianze na fedha ndogo za vyama vya kitaaluma, au huko ni kupoteza muda ambao ningeutumia kuandika ombi moja kubwa lililokamilika? Msimamizi wangu anashikilia rai hii ya mwisho, nami bado nasitasita.

Mwandani alijibu:

Ndugu Majani Mapana, kabla ya kutazama majina, tenganisha fedha zinazotolewa ili kazi ifanyike na heshima inayotolewa baada ya kazi kufanyika, kwa maana vyama huzitangaza pamoja na waombaji wengi hupotea hapo.

Chukua mfano wa Society for Economic Botany, chama kilichoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wanaotafiti mimea na matumizi yake kwa binadamu. Tuzo yake yenye jina la Richard Evans Schultes humsaidia mwanafunzi wa shahada za juu kugharamia safari na kazi za uwandani, kwa hiyo hiyo inakuhusu tangu sasa. Tuzo ya Edmund Fulling hupewa mtafiti chipukizi aliyewasilisha mada bora katika mkutano wa mwaka, na ile ya Julia Morton hupewa mwanafunzi mwenye bango bora. Hizo zitakuhusu utakaporudi na data mkononi. Heshima ya Distinguished Economic Botanist huwaendea waliokwisha kuijenga fani kwa miaka mingi, na faida ya kusoma orodha ya walioipata ni kwamba unawajua wakubwa wa fani na kazi zao. Society of Ethnobiology, ambayo jarida lake la Journal of Ethnobiology limekuwa likitoka tangu mwaka 1981, nayo ina Tuzo ya Barbara Lawrence kwa makala bora ya mwanafunzi iliyowasilishwa mkutanoni. Imepewa jina la mtaalamu aliyesimamia mikusanyo ya mamalia katika jumba la makumbusho la zoolojia la Chuo Kikuu cha Harvard. Katika vyama hivi hutalazimika kueleza kwa nini mmea na lugha vimo katika swali moja. Hapo ndipo kwenu.

Nje ya vyama, mambo hubadilika, na huko lazima swali lako ligeuzwe upande unaomhusu mfadhili. Wakfu wa Wenner-Gren, ulioanzishwa mwaka 1941, hutoa ruzuku za uwandani kwa wanafunzi wa uzamivu bila kujali uraia wao, lakini hupima ombi kwa mchango wake katika anthropolojia. Ukiwaandikia kwamba hakuna aliyewahi kuorodhesha magugu ya eneo fulani, usitarajie kufika mbali, kwa sababu pengo katika orodha halijawa swali. Uzito wa mada yako kwao uko katika kile kipengele ulichokitaja mwishoni, yaani nani mwenye kauli juu ya mmea uachwe au ung'olewe, kwa kuwa hapo pana jinsia, umri, umiliki na mamlaka. Wakfu wa Rufford wa Uingereza, kwa upande wake, hufadhili uhifadhi katika nchi zinazoendelea kwa ruzuku ndogo ambazo mtu anaweza kuzipanda hatua kwa hatua, na yeye atataka kujua ni nini kitahifadhika kutokana na kazi yako. Utafiti ni ule ule na shamba ni lile lile, ila huyu umemfungulia mlango wa mbele na yule wa nyuma. Nakusihi usidanganye katika kugeuza huko: kama kazi yako haina tokeo lolote la uhifadhi, usimwombe mfadhili wa uhifadhi.

Kabati la Vielelezo alijibu:

Naongeza jambo dogo ambalo huangusha maombi mengi mazuri. Jina la wenyeji peke yake halithibitishi ni spishi gani iliyozungumzwa, kwa hiyo weka katika bajeti gharama za kukausha vielelezo, za kuvisafirisha, za vibali vya kukusanya na za mtaalamu wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) atakayevitambua, tena panga nakala zaidi ya moja ili moja ibaki katika nchi ilikokusanywa. Barua ya hebaria inayokubali kupokea vielelezo vyako ina nguvu kuliko aya tatu za maelezo. Kuhusu vifaa, shirika la IDEA WILD hutoa vifaa vyenyewe badala ya pesa, kama vile kamera na vipokezi vya GPS, mradi kazi yako ihusu uhifadhi wa bioanuwai. Ukivipata huko, bajeti yako kwa wafadhili wengine itapungua na kuonekana ya mtu aliyefikiri.

Msoma Maombi alijibu:

Nimewahi kukaa katika majopo yanayotathmini maombi ya aina hii, na ningependa kujibu swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito.

Ombi la ethnobiolojia lina jambo moja linalolitenga na maombi ya fani nyingine nyingi: data unayoiombea fedha tayari ina wenyewe. Azimio la Belém la mwaka 1988, lililotolewa Brazili katika mkutano uliozaa International Society of Ethnobiology, lilitamka kwamba pana uhusiano usiotenganishika kati ya utamaduni na uanuwai wa viumbe, na kwamba watu wa asili wafidiwe kwa matumizi ya maarifa yao na rasilimali zao. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ukaligusa suala hilo katika kifungu cha 8(j), chama hicho kikapitisha kanuni zake za maadili mwaka 2006, na Itifaki ya Nagoya ya mkataba huo, iliyokubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, ikayaingiza masuala ya ridhaa na mgawanyo wa faida katika sheria za nchi zilizojiunga nayo. Kwa hiyo mtathmini akifungua ombi lako, moja ya maswali yake ya kwanza ni haya: wenye maarifa wanajua kwamba unakuja, na wamesema nini?

Kwamba fedha na majina makubwa haviwezi kulijibu swali hilo, mradi wa Maya ICBG, uliotafuta dawa mpya katika mimea na maarifa ya Wamaya wa Chiapas nchini Mexico, ulilidhihirisha. Ulianza mwaka 1998 ukiwa na fedha za serikali ya Marekani, wanaethnobiolojia waliobobea waliokuwa wameishi na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, na taasisi ya utafiti ya nchini humo kama mshirika. Mwaka 2001 ulisitishwa. Watafiti walikuwa wamepata ridhaa ya jamii kadhaa, lakini muungano wa waganga na wakunga wa jadi wa Chiapas ulihoji ni nani mwenye haki ya kuridhia matumizi ya maarifa ambayo yameenea kwa watu wengi kuliko hao waliokubali. Hadi leo wanafani hawakubaliani ni nani alikuwa na haki katika mgogoro ule, na mimi mwenyewe naona pande zote mbili zilikuwa na hoja za kusikilizwa. Lakini swali la nani anaridhia kwa niaba ya nani halijawahi tena kuchukuliwa kama la kiutawala tu.

Sasa tazama ugumu unaompata mwanafunzi. Jopo linataka ridhaa kabla ya kutoa fedha, na ridhaa haipatikani bila kwenda, kukaa, kueleza, kurudi na kusikiliza, mambo ambayo yenyewe yanahitaji fedha. Hapo ndipo napotofautiana na msimamizi wako, kwa heshima zote. Ruzuku ndogo ya chama cha kitaaluma ndiyo inayoweza kulipia ziara ya awali ambamo huchukui data yoyote, unajitambulisha tu, unauliza kama swali lako lina maana kwao, na unakubali libadilishwe. Mwombaji aliyepitia hatua hiyo huonekana katika kila ukurasa wa ombi lake kubwa: anajua mikutano hufanywa msimu gani, anajua nani huombwa ruhusa kabla ya nani, na bajeti yake ina malipo ya wanajamii watakaofanya kazi pamoja naye. Asiyepitia huandika kwamba "jamii itashirikishwa", na sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno kuweza kuiamini.

Vilevile usipunguze muda wa kujifunza lugha ili bajeti ipendeze. Tasnifu ya mwanaanthropolojia Harold Conklin, iliyokamilika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1954, kuhusu Wahanunóo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, ilionyesha kwamba watu hao walitofautisha aina zaidi ya 1,600 za mimea, nyingi kuliko spishi ambazo wanabotania wangezihesabu katika mimea hiyo hiyo. Hilo lisingewezekana kwa mkalimani na dodoso. Ukieleza waziwazi kwamba miezi ya mwanzo ni ya lugha, mtathmini anayeijua fani atakuunga mkono.

Majani Mapana aliandika:

Nawashukuru sana, na nitamwonyesha msimamizi wangu maelezo haya. Yamezaa swali jingine. Nimeona kwamba British Museum ina Endangered Material Knowledge Programme, inayofadhili uwekaji wa kumbukumbu za ujuzi wa kutengeneza na kutumia vitu ulio hatarini kutoweka, na kwamba matokeo yake huwekwa katika hazina ya kidijitali iliyo wazi kwa watu wote. Nilifikiri kuomba huko kwa ajili ya zana za kilimo na za kuandalia dawa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya awali, wazee kadhaa wa kike waliniambia kwamba baadhi ya maandalizi ya dawa hufundishwa kwa mtu aliyechaguliwa tu. Nifanyeje? Je, pia inawezekana mmoja wao awe mwombaji mwenza?

Mhifadhi Kumbukumbu alijibu:

Umeuliza mapema, na hilo ni jema, kwa sababu suala hili halitengenezeki baada ya kusaini mkataba. Programu hiyo, iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa fedha za wakfu wa hisani wa Arcadia, imejengwa juu ya wazo kwamba kumbukumbu zionekane na watu wote, na wazo hilo lina manufaa yake makubwa: wajukuu wa wazee hao wataweza kuziona popote walipo bila kumwomba profesa yeyote. Lakini kisichotakiwa kuonekana na wote kisirekodiwe chini ya mradi wa namna hiyo. Usirekodi kwanza ukitumaini kufungia baadaye. Keti na wazee hao mpange wazi ni vitu gani vinaingia, kwa mfano majembe, vinu na vyombo pamoja na namna vinavyotengenezwa, na ni vitu gani vinabaki kwao, kisha mpangilio huo uandike ndani ya ombi lenyewe. Mimi nikiwa mtathmini ningelipa ombi hilo alama zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba mazungumzo ya kweli yamefanyika.

Kama uzito wa kazi uko katika majina ya mimea na masimulizi yanayoyabeba, na lugha yenyewe iko hatarini, fikiria pia Endangered Languages Documentation Programme, iliyoanza mwaka 2002. Hazina yake, iitwayo ELAR, ina viwango tofauti vya ruhusa ya kuziona na kuzisikiliza kumbukumbu. Wanaethnobiolojia wengi huipita bila kuitazama kwa kudhani ni ya wanaisimu peke yao. Ni kweli kwamba utahitaji mwanaisimu wa kushirikiana naye, na huwezi kumtafuta siku chache kabla ya mwito kufungwa.

Kuhusu mwombaji mwenza, kanuni hutofautiana, na kwa ruzuku za tasnifu mara nyingi mwombaji ni mwanafunzi peke yake, kwa hiyo mshirika wako ataonekana katika bajeti, katika barua yake mwenyewe, na katika uandishi wa makala. Fani yetu haina upungufu wa mfano wa kuigwa. Baada ya Darrell Posey, aliyefanya kazi na Wakayapó wa Amazoni na aliyekuwa mstari wa mbele kuitisha mkutano ule wa Belém, kufariki mwaka 2001, International Society of Ethnobiology ilianzisha ufadhili wenye jina lake kwa ajili ya watu wanaotetea haki za jamii juu ya rasilimali zao za jadi, wakiwemo wanajamii wenyewe. Ukiandikia chama hicho, uliza moja kwa moja ni fursa zipi zilizo wazi kwa mshirika wako kwa jina lake.

Mwandani alijibu:

Nimalizie na mpangilio wa muda, kwa kuwa hili ndilo litakalokukuta kwanza. Jiunge na chama kimoja mapema, maana baadhi ya tuzo hutaka mwombaji awe mwanachama tayari, na ada ya mwanafunzi huwa nafuu. Omba fedha za ziara ya awali katika mzunguko wa kwanza. Ukiwa uwandani, ombi kubwa liwe limekwisha kuandikwa nusu, ili uliandike upya ukiwa huko huko, mbele ya watu linalowahusu, na wasome au wasomewe kabla hujalituma. Barua za wadhamini ziombe angalau mwezi mmoja kabla, na mmoja wa wadhamini hao awe mtu wa fani ya pili, yaani kama msimamizi wako ni mwanabotania, tafuta mwanaanthropolojia aliyekuona ukifanya kazi.