Naombeni ushauri: kupanua kampasi kwa matumizi mchanganyiko, isiishie kuwa hosteli yenye maduka chini

Mchoraplani
Habari zenu wakuu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa nne, kwenye studio ya muhula huu (somo la kubuni mradi) tumepewa eka 30 pembeni ya kampasi tuipanue, iwe endelevu na watu wakae, wasome, wafanye kazi na wanunue mahitaji hapohapo. Nimeweka hosteli juu maduka chini, maabara upande mmoja, sola kwenye mapaa yote, bustani katikati. Lekchara kaangalia kidogo akaniuliza "likizo ikifika hapa anabaki nani?" nikakosa jibu na toka siku hiyo nimekwama kabisa. Nianzie wapi? Na huo uendelevu ni nini zaidi ya sola?

JasiNaKokoto
Huyo lekchara kakupa ufunguo wa kazi nzima. Acha majengo kwanza. Chora jedwali, saa 24 upande mmoja na miezi 12 upande mwingine, halafu kila kundi la watu lipake rangi pale linapokuwepo. Utaona maabara na ofisi zinakula umeme mchana, vyumba vya kulala vinakula asubuhi na jioni, na muhula ukiisha wanafunzi wanaondoka kwa mpigo, duka lililowategemea wao tu linakufa. Kwa hiyo unahitaji watu wa mwaka mzima, wahadhiri na familia zao, watafiti, wanafunzi wa uzamili, hata watu wasiohusiana na chuo.

Tafuta habari za Eddington, upanuzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza. Eneo lote hekta 150, mpango ulikuwa nyumba 3,000, nusu za wafanyakazi wa chuo na nusu za kuuzwa kwa yeyote, plus vyumba 2,000 vya wanafunzi wa uzamili. Kinachonigusa zaidi ni kwamba shule ya msingi ilifunguliwa 2015 na wakazi wa kwanza wakahamia 2017, yaani huduma ilitangulia watu, wakati miradi mingi niliyoiona mimi watu wanahamia halafu wanasubiri shule na duka miaka na miaka, na wakishazoea kwenda kwa gari kila kitu huwarudishi tena kwenye kutembea. Pia maji ya mvua ya eneo zima yanakusanywa, yanasafishwa na kurudi kwenye nyumba kwa bomba lake la pekee, yanatumika vyooni na kwenye mashine za kufulia. Hilo bomba la pili huwezi kuliongeza baadaye bila kubomoa, lazima liwe kwenye plani tangu siku ya kwanza.

FunguoZaJengo
Mimi nimesimamia majengo ya chuo miaka kumi na moja, si msanifu, ila naomba muwasikilize wanaoyatunza. Usiweke jiko la mgahawa chini ya vyumba vya kulala bila bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa, na magari ya mizigo yasipite chini ya madirisha ya watu saa kumi alfajiri, malalamiko yake hayaishi. Maabara zenye kemikali zipe jengo lake. Ghorofa ya chini iwe na dari refu, mita 4 na zaidi, ili duka likifa pageuzwe darasa au kliniki.

Na kila nyumba iwe na mita yake ya umeme! Pale nilipokuwa nasimamia, umeme ulikuwa ndani ya kodi, AC zilikuwa zinaachwa zinawaka wiki nzima mtu kasafiri. Hata West Village, makazi ya chuo kikuu cha UC Davis Marekani, iliyofunguliwa 2011 kwa lengo la kuzalisha umeme sawa na inaoutumia kwa mwaka, mwanzoni ilifika kama asilimia 87 tu ya lengo, na sola walikuwa nazo za kutosha kwenye hesabu za karatasi.

Kivuli
Naongezea, sola iwe ya mwisho. Kwanza jengo lenyewe. Upepo wa kupita dirisha hili na kutokea lile unafanya kazi mpaka upana wa jengo ufike kama mara tano ya urefu wa dari kutoka sakafuni, kwa hiyo dari la mita 3 jengo lisizidi mita 15, ukizidisha hapo umeshajifunga kwenye AC.

Ila kuna kitu hamjamuuliza. Chuo kimeshajaza majengo kiliyonayo? Saruji peke yake inachangia kama asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu duniani, darasa ambalo hulijengi ndilo safi kuliko yote. Omba ratiba ya madarasa uone mangapi yako tupu mchana.

Mchoraplani
Aisee asanteni sana. Nimechora lile jedwali, likizo ndefu karibu lote jeupe, sasa naelewa alichokiona. Theluthi moja ya vyumba nageuza nyumba za familia. Maduka je, niyaache kuzunguka bustani katikati?

JasiNaKokoto
Hapana, yasogeze kwenye barabara inayotenganisha kampasi na mtaa, mlango utazame barabarani, wateja watoke pande zote mbili. Halafu chora duara la mita 400 kutoka hapo, ni kama dakika tano za kutembea, nyumba za familia na zahanati zikae ndani ya duara. Parking ipeleke nje kabisa. Tupia plani mpya hapa ukimaliza.