Watoto wa Kota Makambako: treni ya kijani inakuja

Kikundi: WATOTO WA KOTA – MAKAMBAKO 🚂

JUMATATU

Da Atu (19:08): Kamwene wote. Nimeongea na Jofu wa Tunduma sasa hivi. Ile treni ya Rovos, ya watalii kutoka Afrika Kusini, iko Zambia, inakuja kwa reli yetu ya TAZARA. Wiki hii hii inapita Makambako. Tuliahidiana msibani kwamba safari hii tutaiona pamoja, sio mmoja mmoja kila mtu na picha yake.

Da Atu (19:10): Mahali: pale pale kwenye mti, kabla ya kona. Chakula: viazi, nyama, chai ya maziwa. Mchango elfu 10 kwa kila mtu mzima, watoto bure. Njooni na makoti, mnajua Julai ya huku. Naomba majibu LEO.

Da Atu (19:54): Naona mmesoma.

Da Atu (19:54): Mmesoma wengi tu.

Fundi Mwaki (20:02): Tupo dada. Tunaisoma elfu 10 taratibu

Tuma (20:05): Mimi nipo shangazi 🙋🏾‍♂️ Inavutwa na kichwa gani? Kama ni U30C, vile vya dizeli vya zamani, nakuja hata kwa mguu kutoka Iringa

Jofu Tunduma (20:11): Hapa mpakani sijajua watafunga kichwa kipi. Ninachojua jana walikuwa Kasama, abiria walipelekwa kuangalia maporomoko ya Chishimba. Wakishapita Nakonde ndio nitasema kitu cha uhakika. Msiniulize saa, treni hii sio basi.

Da Atu (20:12): Asante Jofu. Wengine?

Kasimu Dodoma (20:30): Nyie watu bado mnasubiri treni inayotembea kama baiskeli ya mzee? Huku mchongoko, treni ya SGR, unapita kilomita 160 kwa saa, umeme mtupu. Unasikia vuu, imeshafika Morogoro 😂

Fundi Mwaki (20:31): Sasa ukishasikia vuu umeona nini?

Kasimu Dodoma (20:31): 😂😂😂

Tuma (20:34): Anko Kasimu, SGR naipenda, lakini kuitazama ni shida. Uzio kila mahali. Nilisimama juu ya daraja pale Moro, picha zangu zote ni nguzo za umeme na ncha ya pua. Huku unamwona dereva mpaka rangi ya sweta.

Tuma (20:38): Halafu fikiria, yale mabehewa yametoka Cape Town kwa magurudumu yale yale. Reli yetu upana wake ni milimita 1,067, sawa na Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Yakifika Kidatu yanaiona reli ya mita inayotoka Kilosa iko pale pembeni, lakini hayaingii, ile ni 1,000 kamili. Na ya kwako ni 1,435. Nchi moja, upana tatu.

Kasimu Dodoma (20:40): Huyu mtoto alizaliwa kwenye behewa

Fundi Mwaki (20:41): Alizaliwa Ilembula, mimi ndiye niliyeendesha pikipiki. Mama yake alinipigia makofi ya mgongo njia nzima

Mama Tuma (20:44): Mwaki nyamaza 😂😂

Da Atu (20:50): Tunaongea treni, nyie mko kwenye pikipiki. Nahesabu waliothibitisha: Tuma. Basi.

JUMANNE

Mamdogo Sekela (06:15): Kamwene Atu mwanangu. Nimeona sasa, simu ilikuwa kwenye chaji. Mimi niko Mbeya, genge langu liko njia ya kwenda stesheni pale Iyunga. Ikipita nitaisikia honi, nitapiga.

Da Atu (06:20): Kamwene mamdogo. Wewe ndiye saa yetu. Kutoka kwako hadi hapa tuna muda wa kupika.

Mamdogo Sekela (06:24): Ila mimi nataka nije huko, sio kupiga simu

Da Atu (06:25): Sasa mamdogo ukija huku nani ataisikia honi?

Mamdogo Sekela (06:40): Sijui. Mimi nakuja.

Da Atu (07:02): Kaka Lusajo, naomba usome hapa. Nimepanga hivi: treni ikikaribia, Baba asimame mbele yetu na ile taa yake ya enzi za ugadi wa treni, ampungie dereva kama enzi zile. Tuma apige picha. Hiyo picha tuikuze, tuitundike sebuleni kwake. Kwa hiyo taa ije na basi la kesho.

Da Atu (07:40): Kaka Lusajo?

Da Atu (09:15): Kaka Lusajo umesoma saa 7:03.

Kasimu Dodoma (09:31): Taa iko Dar?? Sio ilitakiwa irudi mwaka ule ule?

Mama Tuma (09:33): Ilikwenda kuwekewa kioo.

Kasimu Dodoma (09:33): Kioo gani kinachochukua muda mrefu kuliko ujenzi wa TAZARA yenyewe? Wachina walianza 1970, 1975 reli imefika Kapiri Mposhi. Kilomita 1,860! Mahandaki, madaraja, kila kitu.

Fundi Mwaki (09:34): Labda na kioo kinapita kwenye handaki

Fundi Mwaki (09:34): kikitoka upande wa pili tutaambiwa

Lusajo (09:50): Ujumbe huu umefutwa

Kasimu Dodoma (09:51): Nimeusoma kaka. Nimeusoma.

Lusajo (09:58): Mimi sikuiba taa. Niliichukua mbele ya watu. Na mambo ya familia hayasemwi kwenye kikundi chenye majirani.

Da Atu (10:00): Majirani gani? Kota ile ukuta ni mmoja, tulikuwa tunasikiana mpaka tukikohoa. Taa iko wapi kaka?

Lusajo (10:21): Iko salama.

Da Atu (10:21): Salama WAPI?

Jofu Tunduma (11:47): Jamani, habari ya treni: imeingia Nakonde. Mabehewa ya kijani, marefu kweli, mwisho kuna lile la kutazamia lenye kibaraza wazi. Wanakaguliwa pasi. Nawaona wazungu wanapiga picha malori, na madereva wa malori wanawapiga picha wao.

Tuma (11:48): KICHWA GANI ANKO JOFU

Jofu Tunduma (11:50): Hakijafungwa bado

Fundi Mwaki (11:55): Mwambieni Lusajo akae kibarazani na taa yake, itafika yenyewe 😂

Kasimu Dodoma (11:56): 😂😂😂

Mama Tuma (11:56): 😂

Da Atu (12:10): Hili ni jambo la haraka nyie mnacheka. Wakitoka mpakani leo jioni wanapita Mbeya usiku, kwetu alfajiri au asubuhi. Wakilala hapo, inakuwa kesho kutwa. Nahitaji kujua nanunua viazi debe moja au mawili. Elfu 10 zimeingia kutoka kwa watu wawili tu.

Da Atu (12:14): Na niseme jambo moja bila utani. Tangu ile hati ya kufufua TAZARA iliposainiwa Beijing Septemba 2024, kila mtu anaongea habari ya ukarabati mkubwa. Vizuri, na uje haraka, reli yetu imechoka. Lakini vile vichwa vya Krupp, hizo U30C za Tuma, vilivyokuja miaka ya 80 na Baba akavifanyia kazi, vikishaegeshwa hatutaviona tena vikitembea. Na Baba mwenyewe magoti yake mnayajua. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapanda naye kutoka Mlimba usiku, anatuamsha kwenye daraja la Mpanga tuchungulie chini, nguzo karibu mita 50, na sisi tunang'ang'ania dirisha? Alikuwa anatuamsha kila safari. Hakuchoka hata siku moja. Mimi nataka na sisi tumwamshe mara moja.

Mama Tuma (12:20): Da Atu umeniliza. Nimetuma.

Kasimu Dodoma (12:26): Nimetuma na mimi. 20, nusu ni ya Mwaki

Fundi Mwaki (12:27): Mungu akubariki, mchongoko oyee

Mzee Gadi (16:32): 🎤 Ujumbe wa sauti (2:47)

Da Atu (16:33): Shikamoo Baba. Tunasikiliza.

Fundi Mwaki (16:34): Shikamoo Mzee

Kasimu Dodoma (16:35): Shikamoo Baba. Mimi nipo ofisini, siwezi kufungua sauti

Mama Tuma (16:36): Shikamoo Mzee. Mimi bando limeisha, nani aandike?

Tuma (16:58): Naandika alivyosema Babu, sijapunguza neno:

"Marahaba wanangu. Nimesomewa yote. Atu, mpango wako una upendo, lakini sitapunga taa. Mchana gadi anatumia bendera, usiku ndio taa, hilo la kwanza. La pili, mimi nimestaafu. Dereva akiona kijani anaamini njia iko wazi, akiona nyekundu anafunga breki. Hamwulizi aliyeshika ni nani. Mtu asiye kazini akimwonyesha dereva ishara ya reli, huyo anacheza na roho za watu. Sikufanya hivyo nikiwa kijana, sitafanya leo kwa ajili ya picha.

La tatu, ule mti. Pale treni inatoka stesheni inaanza kuteremka kuelekea Mlimba. Ina uzito, dereva ameishika kwa breki, kona inamficha. Akikuona umeshachelewa wewe, na yeye hana la kufanya ila kupiga honi. Wakubwa mnajua kwa nini nasema hivi, na mnajua ni mtoto wa nani. Mimi nitakaa kwenye benchi la stesheni. Stesheni Masta nitamwomba ruhusa mwenyewe. Anayetaka kuwa na mimi aje hapo.

La mwisho. Lusajo. Taa ile nilikabidhiwa siku naondoka kazini, mbele ya wenzangu. Nilikupa ukaiwekee kioo. Sikukupa iwe yako. Sitaki kioo tena. Nataka taa yangu, hivyo hivyo ilivyo."

Tuma (16:59): Mwisho wa sauti.

Mamdogo Sekela (17:40): Mzee amesema.

Da Atu (18:05): Tumekusikia Baba. Taa na bendera hakuna. Nisamehe.

Mama Tuma (18:11): 🙏🏾

Lusajo (20:48): Shikamoo Baba. Nimesikia.

Da Atu (20:49): Na?

Da Atu (20:58): Kaka, umesikia, na?

Lusajo (21:15): Iko kwa fundi Buguruni. Duka lilifungwa, mwenyewe amehamia Kigamboni. Kesho nafuatilia.

Kasimu Dodoma (21:16): Nilijua

Mama Tuma (21:17): Kasimu acha. Mzee ameshasema, tusiongeze.

JUMATANO

Jofu Tunduma (05:52): Jana hawakuondoka. Leo asubuhi wanafunga kichwa. TUMA NI U30C!!!

Tuma (05:52): AAAAAAAH

Tuma (05:53): Nipo stendi Iringa nusu saa ijayo

Da Atu (06:01): Subiri kwanza Tuma. Jofu, wanatoka saa ngapi?

Jofu Tunduma (06:10): Wanasema saa nne. Mwingine anasema saa nane.

Da Atu (06:15): Basi wakitoka saa nne, Mbeya ni mchana, hapa usiku, hatutaona rangi. Wakilala Mbeya, hapa ni kesho asubuhi. Naomba tuseme KESHO, saa kumi na mbili na nusu, tuko stesheni, tunangoja mpaka ipite.

Tuma (06:19): Shangazi, kule stesheni tutaiona imesimama. Sauti ya U30C ni pale inapochukua mzigo au inapoushikilia kwenye mteremko. Kwenye mti ndio inanguruma. Je nikisimama juu ya kilima, ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na reli? Mita mia na zaidi.

Da Atu (06:22): Muulize Babu yako, usiniulize mimi.

Tuma (06:22): Shangazi wewe muulize

Da Atu (06:23): Mimi nimeshaambiwa yangu jana.

Fundi Mwaki (06:40): Mimi nipo na Tuma kilimani, nitamshika mkanda

Mama Tuma (06:41): Wewe ndiye wa kushikwa mkanda

Da Atu (06:55): Waliolipa: Mama Tuma, Kasimu (na Mwaki), Mamdogo Sekela, Jofu. Wengine mnasoma tu. Nanunua debe moja na nusu, atakayekosa asilalamike. Kiti cha Baba nimepata, cha kuegemea, kwa sababu benchi la stesheni ni baridi. Kasimu unakuja au umelipa tu?

Kasimu Dodoma (07:30): Naomba ruhusa kazini. Nikipata natoka leo usiku.

Da Atu (07:31): "Nikipata."

Kasimu Dodoma (07:31): Nikipata dada.

Mzee Gadi (08:04): Tuma kilimani ni sawa. Ng'ambo ya barabara. Usivuke mfereji.

Tuma (08:04): ASANTE BABU 🙏🏾🙏🏾🙏🏾

Da Atu (08:06): Haya. Kwa hiyo wengine stesheni, Tuma na Mwaki kilimani. Na chai nipeleke wapi?

Fundi Mwaki (08:07): Kilimani kuna baridi zaidi

Da Atu (12:45): Kaka Lusajo, umefika Kigamboni?

Mamdogo Sekela (13:20): Atu, nimeshapanda basi. Nani ananipokea stendi ya Makambako?

Da Atu (13:22): Mamdogo! Treni bado haijapita hata Mbeya. Nani yuko Iyunga sasa?

Mamdogo Sekela (13:36): Nimemwachia genge kijana wa jirani. Nimemwambia akisikia honi anipigie mimi, halafu mimi nikupigie wewe.

Jofu Tunduma (14:09): Wameondoka!! Sasa hivi. Kimoja mbele, na moshi wake.

Da Atu (14:10): Saa nane na dakika tisa. Jamani nani anajua kama watalala Mbeya au watapitiliza? Kuna mwenye namba ya mtu wa stesheni?

Da Atu (14:31): Jamani?

Lusajo (15:02): Fundi nimempata. Anasema taa anayo, ila anadai hela ya kuitunza. Nani anaweza kuongezea elfu 15?