Shaba tupu greni 180 kwenye .308 yenye msokoto 1:12: matundu yanatoka marefu, tatizo ni mtutu au kichwa?

Msitu_308
Wakuu habari za leo. Bunduki ni ya bolti, .308 Winchester, mtutu wa inchi 22 ulioandikwa msokoto 1:12 (mifuo ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 12). Kwa vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) vya greni 180, yaani uzito wake, vyenye kiini cha madini ya risasi, matundu matano karatasini yanakaa ndani ya inchi moja na nusu kwa mita 100. Nimehamia vichwa vya shaba tupu, greni 180 zile zile, ncha yenye tundu, risasi za kiwandani. Sasa matundu yanatawanyika inchi tano hadi sita, na mawili kati ya matano yametoka marefu kama yai. Nimekaza skrubu zote za darubini na kujaribu boksi la pili, hali haikubadilika. Urefu wa kichwa kwa vernia ni inchi 1.40, mwendo wa kutoka mtutuni ni kama futi 2,500 kwa sekunde. Najaribia pwani, usawa wa bahari, joto nyuzi 30. Wanyama ninaowalenga ni nyumbu na kongoni, mita 80 hadi 200. Je, mtutu umekufa au kichwa hakiufai? Na kichwa kinachoyumba hivi kinamfanya nini mnyama?

FundiMitutu
Mkuu, wewe umelinganisha uzito, lakini mtutu unaangalia urefu. Shaba ina uzani wa gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo, madini ya risasi 11.3. Greni 180 za shaba kwa kipenyo kile kile lazima ziwe ndefu zaidi, na kichwa kirefu kinadai msokoto wa kasi zaidi ili pua ibaki mbele.

Tumia kanuni ya Miller, inayotoa namba ya uthabiti wa kichwa hewani; unaifanya hata kwa kikokotoo cha simu. Gawanya msokoto kwa kipenyo, na urefu wa kichwa kwa kipenyo. Kwako msokoto ni 12 ÷ 0.308 = 38.96, urefu ni 1.40 ÷ 0.308 = 4.55. Juu weka 30 × greni. Chini zidisha: msokoto mara msokoto, mara kipenyo kwa kipeo cha tatu, mara urefu, mara (1 + urefu mara urefu). Gawanya ya juu kwa ya chini, unapata kama 1.24, na hiyo ni kwa futi 2,800. Kwa 2,500 inashuka hadi 1.19. Joto la pwani linapunguza uzito wa hewa, inarudi karibu 1.25.

Chini ya 1.0 kichwa kinapinduka. Mwindaji atafute 1.4 au zaidi. Katikati hapo ni eneo la mashaka: shabaha inalegea, na kosa lolote dogo la mtutu au la kichwa linaonekana karatasini.

Sasa hapa pana jambo. 1.25 ni dhaifu, ila haitoshi kutoa matundu ya yai. Kuna kitu kingine kimeongezeka juu yake. Ninaushuku huo msokoto wenyewe, kwa sababu maandishi ya kwenye mtutu si kipimo.

Upime hivi. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti. Chukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka wenyewe, visha brashi kitambaa kinachobana. Isukume kutokea chemba hadi kitambaa kishike mifuo vizuri. Weka alama ya kalamu juu kabisa ya fimbo, na kipande cha utepe pale fimbo inapoingilia. Endelea kusukuma polepole hadi alama izunguke na kurudi juu, weka utepe wa pili. Umbali kati ya tepe mbili ndio msokoto wako. Rudia mara tatu; kitambaa kikilegea kitateleza na kukupa namba ya uongo.

Kongoni_Tabora
Naunga mkono, ila kabla ya kuhukumu mtutu, usafishe hadi kwenye chuma. Shaba ya kichwa kipya ikilala juu ya mabaki ya maganda ya vichwa vya zamani, shabaha inaweza kufunguka vibaya sana. Tumia dawa ya kuyeyusha shaba yenye amonia, acha dakika zilizoandikwa kwenye chupa na usizidishe, kisha pitisha vitambaa mpaka visitoke na rangi ya bluu. Tumia brashi ya nailoni. Ile ya shaba nyeusi inayeyushwa na dawa hiyo hiyo, utasugua siku nzima ukidhani mtutu bado mchafu.

Kagua na mdomo wa mtutu. Chukua pamba kijiti, ipitishe kutoka ndani kwenda nje kuzunguka ukingo wote. Nyuzi zikinasa mahali pamoja, pana ukwaruzo pale, na gesi inatoka upande mmoja na kukisukuma kichwa kikiwa ndiyo kwanza kinaachana na chuma. Fundi anaukata upya ukingo, si kazi kubwa.

MzeeWaNyati
Nijibu la mnyama, kwa sababu ndilo zito.

Nyama ina uzito karibu mara 800 ya hewa. Ili mzunguko peke yake uishike pua mbele ndani ya nyama, mtutu ungepaswa kusokota mara moja kila nusu inchi hivi, na mtutu huo haupo. Kinachokinyoosha kichwa ndani ya mnyama ni umbo lake. Cha kupanuka kikigonga wima, majimaji yanajaa lile tundu la pua, shaba inafunguka kama maua ya boga, upande wa mbele unakuwa mpana na kichwa kinaendelea mbele. Kikiingia kimeinama, tundu halijazwi sawasawa. Kinaweza kupita bila kufunguka, au kikageuka ubavu na kuacha njia uliyoilenga. Umelenga mapafu, kinaishia tumboni, na mnyama anakwenda kufa kichakani kwa mateso. Karatasi ikionyesha tundu la yai, risasi hiyo isielekezwe kwa mnyama kabisa.

Ndiyo sababu pia vichwa vigumu (visivyopanuka) vya nyati kwenye bunduki za .375, greni 300, vimehamia pua bapa. Pua ya duara hupotea njia kwa urahisi zaidi ikishapita mfupa.

Na kwa nyumbu: lile bega la juu linadanganya jicho. Moyo umekaa chini. Akiwa ubavu, fuata nyuma ya mguu wa mbele, lenga theluthi ya chini ya kifua.

Msitu_308
Asanteni sana wakuu. Nimesafisha, vitambaa vinatoka vyeupe. Pamba hainasi popote mdomoni. Msokoto nimepima mara tatu: 13, 12.9, 13. Shabaha bado inchi tano.

FundiMitutu
Basi jibu limepatikana. Kwa 13, ile 1.25 inashuka hadi kama 1.07. Hapo kichwa kinashikilia ukingoni, na hayo mayai ni halali yake. Vichwa vyako vya zamani, tuseme vina urefu wa inchi 1.25, kwenye mtutu huo huo vinapata karibu 1.5, kwa hiyo haukuona tatizo.

Angalizo kwa mnaojaribia bunduki Arusha, mita 1,400 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi, risasi hii hii ingepata kama 1.2 na matundu pengine yangeonekana mviringo. Ukishuka nayo maeneo ya chini, yanageuka. Jaribia kwenye hewa nzito kuliko unayowindia, si kinyume.

Baki na shaba, inashikilia karibu uzito wake wote ikipita mfupa na haiachi vipande vya madini ya risasi kwenye nyama. Punguza urefu tu. Tafuta greni 150 isiyozidi inchi 1.20. Kwa futi 2,800 na joto la pwani unapata zaidi ya 1.4 hata kwa msokoto wa 13. Ncha ya plastiki isikutishe: ni nyepesi mno, ukiihesabu kama shaba kanuni itakupa namba ndogo kuliko hali halisi.

MzeeWaNyati
Greni 150 za shaba zinamtosha nyumbu na kongoni. Vichwa vingi vya shaba vinataka futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde vinapogonga ili vifunguke, na kwa mita 200 bado utakuwa juu ya 2,200. Nyati usimguse na .308, huyo ni wa .375 kwenda juu.

Ukishapata boksi, piga risasi kumi za kwanza bila kugusa darubini, mtutu uzoee. Kisha piga tano, ukiuacha upoe kila baada ya mbili, na uangalie matundu kwa karibu: ukingo uwe mviringo, na ile pete nyeusi inayolizunguka tundu ilingane pande zote. Ndipo urekebishe darubini, inchi moja na nusu juu kwa mita 100. Kwa 200 utakuwa chini kama inchi mbili, bado ndani ya kifua cha nyumbu.