Naomba ushauri: mabomba ya rolikeji kwa gari la drag, niko Tabora

Wakuu, heshima kwenu. Tunaunda Toyota Mark II GX100 iwe ya mbio za drag, zile za kukimbia kasi kwenye mstari ulionyooka. Tumeshafunga injini ya 1JZ yenye tabo, viti vya nyuma tumeng'oa. Kilichotukwamisha ni rolikeji, yaani kizimba cha mabomba ndani ya gari kinachomlinda dereva likipinduka.

Kanuni za NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, zinataka bomba la chuma cha kawaida lenye kipenyo cha inchi 1¾ na unene wa inchi 0.118, yaani milimita 3 hivi. Madukani hapa nimeona bomba la maji tu, lile lililopakwa zinki. Fundi wangu analisifia, mimi sitaki hata kulisikia: lina mshono, na zinki yake ikichomelewa moshi ni sumu. Tulijaribu kupinda kipande cha bomba jeusi (lisilo na zinki) kwa kujaza mchanga na kupasha moto. Kona ikabonyea kwa ndani na kufanya mikunjo kama shati lisilopigwa pasi. Hiyo dereva akipinduka nayo, basi tena.

Maswali yangu:
Bomba lisilo na mshono la unene huo, na mashine ya haidroliki ya kulipinda, nitapata Mwanza au hadi Dar?
Na kwa kuwa gari halina chesi ya peke yake, sahani za miguu ya keji nizichomelee sakafuni au kwenye kingo za chini ya mlango?