Raspberry Pi, kiboksi cha N100 au laptopu ya zamani: kipi kinafaa kwa bakapu iliyosimbwa nyumbani?

Mchapaji_Makulu
Wakuu, habari za humu. Nina steshenari karibu na UDOM: nachapa tasnifu, naskani vitambulisho, vyeti na mikataba ya viwanja. Vyote vimelala kwenye kompyuta moja ya dukani, Windows. Nataka kiboksi kikae nyumbani, kipokee kila usiku nakala zilizosimbwa, yaani zisizosomeka bila nenosiri, na mwizi akikibeba asiambulie kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imenitia uoga, maana hizo nida si zangu. Chaguo ni tatu: Raspberry Pi 4 (kikompyuta cha bodi moja) na diski ya USB, kiboksi chenye prosesa ya Intel N100, au laptopu yangu ya zamani ya Core i5. Data haijafika terabaiti moja. Umeme wa LUKU nanunua mwenyewe, na umeme ukikatika saa nane usiku hakuna wa kuamka.

Fundi_Sabasaba
Chukua N100 ulale. Prosesa ya Pi 4 haina maelekezo ya AES (njia ya kawaida ya kusimba) ndani yake, kwa hiyo ukisimba diski nzima kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, inahema. Pi 5 inayo, N100 inayo, hata hiyo i5 yako huenda inayo. Ukiwa umeshanunua Pi 4, tumia Adiantum, njia nyingine ya kusimba. Google waliibuni kwa ajili ya simu za bei nafuu zisizo na AES, na Linux inayo tangu toleo la 5.0.

Jingine ni umeme wa diski. Matundu yote ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Pi 5 inatoa 1.6, ila ukiipa adapta ya volti 5 ampea 5. Ukiichomekea chaja ya simu inashuka hadi 0.6 na diski inaanza kupotea katikati ya kazi. Halafu mtu anakuja humu kulalamika kwamba Linux mbovu.

Dada_wa_Kisasa
Fundi, AES baadaye. Umeme ukirudi hiyo saa nane, nani anaifungua LUKS? Diski nzima ikisimbwa, kiboksi kikiwaka kinasubiri nenosiri. Ukiweka faili la ufunguo humo humo ili kijifungue, umefunga mlango na kuacha funguo kwenye kitasa. Kuna njia ya kufungua kwa SSH, yaani kuingia kwenye kiboksi kupitia mtandao ukiwa mbali, lakini kwa kukatika kwetu huku utakuwa mlinzi wa seva.

Mchapaji, simba kule dukani kabla data haijatoka. Programu ya bakapu iitwayo restic inafanya hivyo na inakwenda kwenye Windows moja kwa moja. Nyingine, Borg, ni nzuri pia, ila kwa Windows itakusumbua. Kiboksi kinapokea vipande vilivyokwisha kufungwa, nenosiri hakilijui, na umeme ukirudi kinaendelea. Mwizi akikibeba, ameiba chuma. Na kwa mpango huo kazi ya kusimba inabaki kwa kompyuta ya dukani, kwa hiyo hata Pi 4 inatosha kabisa.

Mkaazi_Nzuguni
Kuhusu laptopu: betri yake ni UPS (umeme wa akiba) ya bure, hilo nalikubali. Lakini ikikauka kwenye mgao mrefu, laptopu nyingi haziwaki zenyewe umeme ukirudi. Pi inawaka. N100 ingia BIOS (mipangilio yake ya msingi) uwashe kipengele cha kujiwasha, na uhakikishe kipo kabla hujalipa. Betri kuukuu ikichomekwa mwaka mzima huwa inavimba, na vumbi letu la kiangazi feni inalijua.

LUKU: kifaa cha wati 15 kikiwaka usiku na mchana ni kama uniti 11 kwa mwezi. Pi na diski, tuseme wati 6, ni uniti 4 na kitu. Kama uko kwenye tarifa ya wanaotumia chini ya uniti 75, tofauti hiyo si ya kudharau.

Mchapaji_Makulu
Dada, nimekupata. Nikisahau nenosiri je? Na bando litatosha?

Dada_wa_Kisasa
Ukilisahau, basi, hakuna wa kukurudishia. Ila restic inakubali nenosiri zaidi ya moja kwa hazina ileile ya nakala. Ongeza la mwenzako, liandikwe kwenye karatasi, likae kwa mtu unayemwamini, si dukani.

Bando: nakala ya kwanza ifanyie dukani kwa waya, kisha beba kiboksi nyumbani. Baada ya hapo yanasafiri mabadiliko tu. Intaneti ya simu mara nyingi haikupi IP ya umma (anwani inayofikika kutoka nje), kwa hiyo unganisha pande mbili kwa Tailscale, programu ya mtandao binafsi. Upande wa kiboksi weka rest-server, programu inayopokea nakala za restic, kwa hali ya kuongeza tu, ili kirusi kikiingia dukani kisifute nakala za zamani. Na mara mojamoja rudisha tasnifu moja uifungue uone inasomeka.

Fundi_Sabasaba
Kwa mpango huo wa dada, sawa, Pi 4 inapita. Mimi bado ningenunua N100, siku moja utataka kamera.

Mchapaji_Makulu
Kamera sina haja. Diski ya kuzunguka au SSD?

Mkaazi_Nzuguni
SSD, inakula umeme kidogo, kwa ajili ya zile ampea 1.2 za Pi 4. Na Desemba radi zikianza, kiboksi kisichomekwe ukutani moja kwa moja.